Mkate Uliokataa Kuumuka

Paukwa!

Pakawa.

Paukwa nasema, aliyesinzia aamke!

Pakawa, bibi, hakuna aliyesinzia.

Basi palikuwa na dada wawili, Kibibi na Mwanamize. Wazazi wao walikwisha kufariki. Kibibi ndiye mkubwa, naye Mwanamize alikuwa mtoto tu, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Mkubwa alimlea mdogo kwa kupika mikate ya kumimina, ile ya mchele na tui la nazi, na kijiji kizima kiliila.

Siku moja Mwanamize alikwenda kisimani, hakurudi. Kibibi akamfuata. Kando ya kisima akaona alama za miguu, kila mguu upana wa ungo. Akazifuata huku anaita jina la mdogo wake, akaita mpaka sauti ikakauka, mpaka akafika kwenye pango.

Ndani alikuta zimwi limeketi. Pembeni yake palikuwa na mtungi mkubwa, na ndani ya mtungi amesimama Mwanamize, kichwa tu kinaonekana.

"Dada, nitoe," alisema.

"Ukiugusa mtungi huo nakumeza sasa hivi," likasema zimwi. "Nimesikia unajua kupika mkate wa kumimina. Nipikie. Mkate ukiumuka, mchukue mdogo wako. Mkate ukikataa, maji yatapanda humo ndani. Mtungi huo nimeuroga mwenyewe, haumwachii mtu mpaka mkate uumuke."

Mchele ulikuwepo, nazi zilikuwepo, hamira na iliki zilikuwepo. Ukutani zilipangwa sufuria za watu wengine, zimeshika kutu. Wenyewe hawakuwepo. Kibibi hakuuliza walikokwenda.

Basi akasaga mchele. Kwa haraka ya kumtoa mdogo wake, akamimina tui likiwa bado la moto. Hamira ikafa. Mkate ukatoka mwembamba, mgumu kama kwato.

Zimwi likautafuna wote, likalamba vidole. "Umekataa," likasema.

Mkate haukuumuka, maji yakapanda. Yakamfika Mwanamize magotini.

Kibibi akaanza upya. Safari hii alisubiri tui lipoe mpaka kidole kikaweza kukaa ndani yake. Lakini pango lile lilikuwa na baridi kama ya kaburi. Unga ukakaa kwenye bakuli, kimya, hata povu moja halikutoka.

"Pika," likasema zimwi.

"Bado haujawa tayari, bwana."

"Pika."

Akapika. Mkate ukaungua nje, ndani mbichi. Zimwi likala hivyo hivyo.

Mkate haukuumuka, maji yakapanda. Yakamfika Mwanamize kifuani.

"Dada, maji ni baridi," alisema.

"Najua, mdogo wangu. Nitazame mimi, usiyatazame maji."

Basi Kibibi akachanganya tena. Akalifunika bakuli kwa kanga yake, akalikumbatia tumboni kama mtu anayempasha joto mtoto mgonjwa. Akakaa hivyo hadi akasikia unga unapumua. Povu likatoka, unga ukajaa bakuli. Akaumimina kwenye sufuria, akaweka makaa chini, akaweka makaa juu ya kifuniko. Harufu ya iliki ikaenea pangoni, na Kibibi akaanza kutumaini.

Zimwi halikustahimili. Likafunua sufuria, likachungulia, likafunika. Likafunua tena, likachungulia, likafunika. Likafunua mara nyingine, na hapo mkate ukabonyea katikati, ukalala.

Mkate haukuumuka, maji yakapanda. Yakamfika Mwanamize kidevuni. Sasa hakusema tena, maana akifungua kinywa maji yanaingia.

Kibibi akaketi chini akalia bila sauti. Alikuwa amefanya kila alilolijua. Tui lilikuwa sawa, unga ulikuwa sawa, moto ulikuwa sawa. Akainua macho, akaona kifuniko bado kimo mkononi mwa zimwi. Akaelewa. Na alipoelewa, hofu ikamzidi, kwani ni nani awezaye kulikosoa zimwi?

Akamtazama mdogo wake, kisha akasema, "Bwana, nina neno."

"Sema."

"Mkate huu umeuharibu wewe."

Zimwi likasimama mpaka kichwa kikagusa paa la pango. "Umesemaje?"

"Ukifunua, joto linatoka na mkate unaanguka. Ukinila mimi, ukamleta mwingine, naye mkate wake utaanguka hivyo hivyo. Utakufa hujaonja mkate uliosimama."

Zimwi likakitazama kifuniko. "Siwezi kujizuia," likasema. "Nikisikia iliki, mkono unakwenda wenyewe."

"Basi nikufunge mikono."

Likakaa, likaipeleka mikono nyuma. Kibibi akaifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jiwe, akakaza kwa nguvu zake zote. Akachanganya, akakumbatia bakuli, akamimina, akaweka makaa.

"Funua kidogo," likaomba zimwi.

"Bado."

"Funua kidogo tu."

"Bado."

"Nakusihi, funua."

"Bado."

Maji yalikuwa bado kidevuni mwa Mwanamize, anapumulia pua. Na Kibibi mwenyewe alitamani kufunua, ajue kama mdogo wake atapona. Mkono wake ukanyooka kuelekea kifuniko. Akaurudisha. Akaikalia mikono yake yote miwili, akafumba macho.

Ndipo akasikia maji yanashuka mtungini, gudu gudu gudu. Akafunua. Mkate umesimama, mwekundu juu, laini.

Akaulaza mtungi ubavu, akamvuta Mwanamize nje, midomo imekuwa ya buluu.

"Nifungue nile," likasema zimwi.

Kibibi akaliwekea sufuria mapajani. "Mkate ndio huo. Kinywa hakikufungwa."

Zimwi likainama, likang'ata, likaanza kulia. "Mbona wale wengine hawakuniambia?"

"Uliwala kabla hawajasema," akajibu Kibibi. Akambeba mdogo wake mgongoni, wakaondoka.

Kwa muda mrefu Mwanamize hakukubali kuoga ila kwa kumwagiwa maji kwa kata, kidogo kidogo. Dada yake alimmwagia polepole, akimwimbia, mpaka hofu ikaisha.

Nami hadithi yangu imefika mwisho wake hapa. Mkate ukikataa, wanangu, tafuteni kinachouharibu. Na mkikuta ni mtu, hata awe wa kutisha namna gani, mwambieni.