Mvule Ulioitwa Mfu

Sogeeni jikoni, ngano imeiva. Mwenye sikio apokee.

Palikuwa na mchoma mkaa aliyeitwa Mtoi. Msitu wa kwao ulilindwa na zimwi lililokaa ndani ya mvule, juu ya chemchemi. Desturi ilikuwa hii: mti uliokufa chukua, mti ulio hai omba, ukigonga shina mara tatu.

Mwaka wa kwanza Mtoi aligonga, akaomba mahali pa kutundika mzinga wa nyuki. Zimwi likasema, "Tundika." Mwaka wa pili akaomba gome la dawa ya mkewe. Likasema, "Chukua." Mwaka wa tatu mvua zilichelewa kuliko wakati wowote, mvule ukapukutika majani yote. Mtoi akagonga.

"Nyumba yako imekufa. Nataka kuikata."

Zimwi likasema, "Wewe ni mtu wa hapa, Mtoi. Ukisema imekufa, nakuamini."

Naye alikuwa ameviona vichipukizi. "Imekufa," akasema, akakata.

Akapata magunia saba ya mkaa. Siku ya saba chemchemi ikakauka.

Asubuhi yake ikasikika hodi, mara tatu. Mkewe akafungua, akalikuta zimwi na mkeka wake kichwani, midomo imepasuka kwa kiu. Mgeni ni mgeni. Akalichotea kwa kata maji ya mwisho ya mtungini, akaomba radhi kwa uchache wake.

Zimwi likanywa, likarudisha kata kwa mikono miwili. "Poleni na ukame, mama," likasema, likaenda zake bila kumtazama Mtoi.

"Maskini," mke akasema. "Nani kalitoa nyumbani kwake?"

Hapo ndipo ngano ilipokwama, kooni mwa Mtoi.