Pasaka Iliyomngoja Bibi Tekla

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba, katika kijiji kimoja cha milimani huko Shamu, nchi ya Siria, Wakristo walikuwa na desturi ya ajabu. Alfajiri ya Pasaka, aliyelia kuliko wote mwaka ule ndiye aliyesimama mbele ya waumini na kutangaza, "Kristo amefufuka!" Kabla hajatamka, hakuna aliyefungua mfungo.

Mwaka mmoja zamu ilimwangukia Bibi Tekla, mjane mchamungu. Askari wa liwali dhalimu walikuwa wamemuua mumewe, Yusto, kwa kosa la kuwahifadhi maskini waliokimbia dhuluma. Bibi Tekla akasimama, akafumbua kinywa, neno likakataa kutoka.

"Baba Kasisi," akasema, "sitasema uongo mbele ya madhabahu. Leo moyo wangu hauoni ufufuo, unaona kaburi la Yusto tu. Mpeni mwingine."

Kasisi Efraimu, Mungu amrehemu, angeweza kumkemea. Badala yake aliketi sakafuni.

"Binti yangu, hatuna mwingine. Tutakungoja."

Basi waumini nao wakaketi, wakangoja. Jua likachomoza, likapanda. Harufu ya mikate na nyama ya kondoo ikaingia mlangoni bila haya, watoto wakanung'unika, wala hakuna mtu aliyetoka. Ndipo tumbo la Mzee Zenobi, aliyesifika kwa kufunga kuliko wote kijijini, likanguruma kanisa zima likasikia.

"Unisamehe, mwanangu," akasema mzee kwa unyenyekevu. "Mimi nakungoja. Ni hili tumbo ndilo halina subira."

Bibi Tekla akacheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na waumini wote wakacheka naye. Kisha akawatazama, mmoja mmoja, wamejikalia pale sakafuni kwa ajili yake.

"Yusto bado namlilia," akasema, "na nitamlilia. Lakini liwali alitaka nibaki peke yangu, naye ameshindwa. Bwana wetu yu hai. Amekaa nami hapa chini, kati yenu, tena ana njaa! Kristo amefufuka!"

"Amefufuka kweli kweli!" wakaitikia. Mzee Zenobi, wanasema, aliitikia akiwa tayari mlangoni.

Wapendwa, mwovu anaweza kututoa machozi, tena mengi, lakini hawezi kumfanya Mungu atuache. Ukimwona mwenzako neno la tumaini limemkwama kooni, usimkemee wala usimsemee. Keti naye, hata kama chakula kitapoa.