Kwa Nini Tenugui Haina Pindo

Kitambaa hiki si taulo, wala si leso. Jina lake ni tenugui, kitambaa cha pamba cha kufutia mikono, na kwao ni Japani. Mmeziona ncha zake hazikupindwa, mkadhani fundi alichoka. Hakuchoka. Sikilizeni.

Hapo kale tenugui zote zilipindwa. Watu wa kijiji cha Kamisawa walizichora korongo na kobe, alama za maisha marefu, kisha wakazishona ncha ili bahati isivuje. Kuitia kisu tenugui ya heri kulikuwa mwiko. Aliyeikata alikata umri wa aliyepewa.

Hapakuwa na mshonaji kama Otsune, mke wa Jinbei mtia rangi vitambaa. Siku ya kupandisha boriti ya juu ya nyumba ya binti yao, alimfunga mkwewe kichwani tenugui mpya yenye korongo. Mkwe huyo, Yasaku, alikuwa seremala.

"Mama, pindo hili nene kama kamba ya kufungia ng'ombe!" Yasaku alitania.

"Basi lifumue, kama wewe mwanamume," Otsune alijibu, na wanawake wakacheka.

Kicheko hakijaisha, tezo ya kuchongea mbao ikamteleza Yasaku, ikamkata mkono wa kushoto. Vidole vitatu vikaning'inia kwa ngozi. Watu walisimama tu, wakiitazama damu ikidondokea mbao mpya.

Otsune alijua kwamba vidole vyenye majeraha mabichi vikifungwa pamoja hupona vimegandana, na seremala wa namna hiyo hashiki tena kazi. Kila kidole kilitaka ukanda wake. Akaivua ile tenugui kichwani mwa Yasaku, akaivuta kwa nguvu zote. Pindo halikuachia.

"Kisu! Nipeni kisu!"

Mafundi wenye patasi viunoni walirudi nyuma.

"Utakata umri wa mtoto," alisema Jinbei.

"Umri wake huo hapo chini, Jinbei! Unaukanyaga!"

Jinbei akatazama damu chini ya miguu yake, asiweze kusogea. Kisu hakikutolewa. Otsune akaling'ata pindo alilolishona mwenyewe. Ule uzi aliojivunia ulimng'oa jino la mbele ndipo ukakatika. Kisha kitambaa kikapasuka chote, kimenyooka, bila ubishi wowote, naye akafunga kidole kimoja kimoja.

Vidole viwili vilipona. Cha tatu kilichelewa kupata ukanda wake, kikaanguka.

Jioni ile Otsune alifungua sanduku la tenugui zilizongoja kuuzwa, akaanza kufumua mapindo. Jinbei alikuja akaketi kando yake, naye akafumua.

Na tangu siku hiyo tenugui huachwa ncha wazi, ipate kupasuka kwa mikono mitupu, pasipo mtu kuombwa kisu. Mkiifua mara za kwanza, mtaona nyuzi zikitoka nchani. Msishtuke. Hutoka kidogo, kisha hukoma zenyewe, kama damu ya jeraha lililofungwa mapema.