Jani la Mparachichi na Chumba cha Uwani

Haya, sogeeni karibu, na mbishi akae mbele nimwone. Leo sitaki makofi, nataka hukumu. Kisa hiki kimenikosesha raha, na ninyi midomo mnayo.

Nitawataja watu watatu. Tuntufye alijua kushawishi. Shekue hakusahau ladha. Nyamizi alijua kungoja. Wote watatu walimtumikia mama mmoja, Bi Sekela wa Tukuyu, mjane.

Mumewe alipofariki, mtoto wao wa pekee, Ambakisye, alikuwa kibaruani mbali. Akafika siku ya nne, baba yake ameshazikwa. Mama, kwa uchungu, akamwambia mbele za watu, "Umekuja kula nini? Rudi ulikotoka!" Kijana akageuka bila hata kutua mzigo. Jamani, maji yakimwagika hayazoleki. Miaka minane ikapita, si barua, si simu. Mbwa wa jirani akibweka tu, Bi Sekela alitoka kuchungulia njia. Alitamani kumwona mwanawe hata kwa mbali. Akaapa, "Atakayenirudishia Ambakisye, chumba changu cha uwani ni chake maisha, na mimi ni mama yake."

Basi, Tuntufye, fundi cherehani aliyepanga nyumba ya pili, akaja na simu yake mkononi.

"Mama, hicho chumba cha uwani kinanuka vumbi. Wapo watu wanaopokea wasafiri bure, na wao wakisafiri hupokewa bure. Nikuandikishe?"

"Bure? Mtu nisiyemjua? Akiniibia je?"

"Ataiba nini, mama, hiyo redio iliyokufa?"

"Sitaki!"

"Na Ambakisye huko aliko, unadhani anayemfungulia mlango anamjua?"

Bi Sekela akaenda kutafuta ufagio. Tuntufye akaandika tangazo: "Chumba kipo, chakula kipo, malipo hakuna. Mbwa ni wa jirani, asikutishe."

Mgeni wa kwanza alikuwa Shekue, mtu wa Handeni, anayezunguka nchi kwa baiskeli. Mwe! Bi Sekela alivyohangaika! Alificha vikombe vizuri, akavitoa, akavificha tena. Mwishowe akapika chakula anachokijua, ndizi na maharage, na ndani ya chungu jani moja la mparachichi. Shekue akatia kijiko cha kwanza mdomoni, akasita.

"Mama, samahani. Chakula hiki nimeshakila."

"Wapi? Hiki ni changu peke yangu! Jani lilidondokea chunguni kwa bahati mbaya, mwanangu akiwa mdogo. Tangu siku hiyo akawa hali maharage yasiyo na jani."

"Nimekila Mpanda. Kuna kijana anapokea wasafiri bure. Amepanda mparachichi mlangoni. Kila akipakua anasema, 'Pole, hakijafikia cha mama.'"

Bi Sekela alilia mpaka chakula kikapoa. Shekue naye akalia, maana mama yake mwenyewe alishafariki na nyumba yao haipo tena.

Najua mtasema, si wampigie simu? Walimpigia, namba Shekue alikuwa nayo. Kusikia neno Tukuyu tu, akakata.

Wiki ile ile akaja Nyamizi, mgeni wa pili, binti aliyekulia kwa mashangazi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kote akilala jikoni. Alikaa siku nne, akasikia yote, akasema, "Nitakwenda mimi." Akafika Mpanda, akapiga hodi kama msafiri yeyote. Siku mbili alikula, akalala, hakutaja kitu. Siku ya tatu Ambakisye akamkabidhi jembe huku anacheka, maana mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyamizi akalima kuzunguka ule mparachichi mpaka akamaliza. Ndipo akasema:

"Nimetoka kwa mama yako. Wageni tunalala uwani. Chumba chako cha ndani hapewi mtu. Kila Jumamosi anafua shuka lako. Mara ya mwisho nilimsaidia kulikamua."

"Alinifukuza."

"Alikufukuza siku moja, kaka. Shuka analifua miaka minane."

Ambakisye akakaa chini pale pale penye udongo uliolimwa. Kesho yake akafunga mlango wake, wakaondoka pamoja.

Walipofika, Bi Sekela alikuwa anachambua maharage kizingitini. Akamtazama mwanawe juu mpaka chini. Maneno yote aliyoyapanga miaka minane yalimpotea.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, mama."

Shekue alikuwa bado yupo, akilala kwa Tuntufye tangu Nyamizi afike, hakuwa na moyo wa kuondoka kabla ya kuona mwisho. Wakala wote watano, na siku ya pili, baada ya chai, ubishi wa chumba ukaanza.

"Bila mimi mlango usingefunguliwa," alisema Tuntufye. "Nimelelewa na masista. Sijawahi kumwita mtu mama akaitika kama mama yangu."

"Mlango ungekaa wazi mpaka leo na asijulikane aliko," alisema Shekue. "Mimi nazunguka kwa sababu sina pa kurudi."

Nyamizi alichelewa kusema. "Mlijua aliko, na akawakatia simu. Nami nataka chumba ambacho kesho sitaambiwa nikihame."

Bi Sekela akasimama na ufunguo mkononi, anawatazama mmoja mmoja. Ahadi ni ahadi, na chumba ni kimoja. Akafungua mdomo ajibu.

"Hodi!"

Langoni alisimama mwanamke mwenye begi mgongoni, amelowa chapachapa, simu mkononi. "Shikamoo, mama. Nimesoma tangazo lenu. Chumba bado kipo?"

Tuntufye alitazama chini, kwa kuwa maneno yale aliyaandika yeye.

Mwanangu wewe uliye mbele, na wewe mbishi, na nyie mnaojifanya mmesinzia: ufunguo ni mmoja. Akipewa mmoja wa watatu, wawili wanarudi njiani, na huyu wa langoni anaambiwa nini? Asipopewa yeyote, mama kavunja kiapo. Je, wewe ungeamua vipi? Semeni upesi, mgeni anangoja, na mvua ya Tukuyu mnaijua.