Aombaye Anga Huanza na Vumbi

Aombaye anga huanza na vumbi.

Vijana wanane waliokuwa wakijifunza kazi ya kaunta katika uwanja wa ndege wa Mbeya waliusikia msemo huo kwa mkuu wao, wakaupenda, ila hawakujua asili yake. Wakati wa chai walimfuata Mzee Ndelwa, mpakiaji mizigo mstaafu ambaye bado alikuja uwanjani kila Jumatano kupiga soga na wenzake wa zamani. Wakamuuliza maneno yale yalitoka wapi, maana hawakuwahi kuyakuta katika kitabu chochote cha shule.

"Mtayakutaje?" alisema Mzee Ndelwa. "Hayakuzaliwa kitabuni. Yalizaliwa kwenye kazi hii hii yetu, na waliokuwapo wengine wangali hai. Kaeni, wanangu, niwape asili yake."

Miaka ile mtu wa Mbeya aliyetaka kwenda Lubumbashi hakuwa na njia ila barabara. Alipanda basi hadi Tunduma, akavuka mpaka, akaikata Zambia kutoka upande hadi upande, akafika Kasumbalesa kwenye mpaka wa pili. Huko alikuta foleni ya malori ambayo mkia wake hauonekani. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, na aliyetumia mbili alisimuliwa kama shujaa.

Ndipo serikali mbili, yetu na ya Kongo, zikakubaliana kwamba kila nchi iteue shirika la ndege, moja tu, liruke kati ya miji hiyo mara tatu kwa wiki. Kwa upande wetu yalijitokeza mashirika mawili. La kwanza lilikuwa Falaki, lenye ndege kumi na moja za jeti, ofisi ya vioo Dar es Salaam na mabango katika kila barabara kuu. La pili lilikuwa Kitulo la hapa Mbeya, lenye ndege mbili ndogo za pangaboi na karakana moja ambayo mvua ikinyesha mafundi walihamisha meza. Bodi ya leseni ndiyo ingeamua nani apewe.

Kitulo ilikuwa na mpanga safari aitwaye Subilaga Mwaisaka, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyeanza kazi kwa kubandika vibandiko kwenye mabegi ya watu. Alijua kwa nini njia ile ilihitajika. Pangaboi ya pili ilikuwa imekaa bure tangu mkataba wa kubeba wafanyakazi wa mgodi ulipokwisha, na mwenye shirika, Kapteni Nsajigwa, alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuirudisha kwa waliomkodishia. Ndege ikiondoka, watu arobaini wangeondoka nayo. Subilaga alimwendea akasimama mbele ya meza yake.

"Kapteni, usiitume hiyo barua. Nipe miezi mitatu. Njia ya Lubumbashi nitakuletea."

"Falaki wameomba pia. Unawajua Falaki wewe?"

"Nawajua. Nipe miezi mitatu."

Kapteni aliikunja barua akaitia mfuko wa koti. Hakuichana. Na tangu siku hiyo mafundi, wapakiaji na wapishi wa chai wakajua kwamba ugali wao unaning'inia kwenye ulimi wa Subilaga.

Alifanya kazi, msimdhanie vibaya. Aliketi ofisini majuma tisa na takwimu za abiria, ramani na kikokotoo, akaandika maombi ya kurasa tisini. Viti hamsini kila safari. Siku za kuruka: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kama mashirika yote yanavyofanya. Akapeleka andiko siku moja kabla ya mwisho, akarudi amejaa furaha, akampa Kapteni nakala. Kapteni alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akauliza neno moja.

"Safari ya kwanza, kiti cha nne, dirishani. Anakaa nani?"

"Mfanyabiashara."

"Anauza nini?"

Subilaga akalipekua andiko lake. Kurasa tisini, na bidhaa haikutajwa popote. Ilikuwa imebaki wiki tatu kabla ya kikao. Kesho yake, Jumapili mchana, alivaa raba, akafunga kilemba, akaenda stendi kupanda basi la Tunduma.

Safari ile ilimfundisha kwa fimbo. Aliketi kati ya wanawake wenye vifurushi magotini, miguuni na kichwani. Aliyekuwa karibu naye alijiita Mama Tusekile, mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Walipofika Kasumbalesa foleni iliwashika siku mbili. Malori yalipita yakiwamwagia vumbi jekundu hadi kope za macho zikawa kama za mtu aliyepakwa hina. Subilaga alikohoa mpaka wenziwe wakamnunulia maziwa.

"Wewe dada si wa biashara," Mama Tusekile alimwambia. "Mwenye biashara hakohoi, anatema na kuendelea. Unatafuta mume aliyekimbia?"

"Natafuta abiria."

"Basi umewakalia. Sogea, umekanyaga mchele wangu."

Hapo Subilaga akatoa daftari. Aliuliza kila aliyekubali kuulizwa: unabeba nini, kilo ngapi, unaondoka siku gani, unarudi siku gani? Akaandika na namba za simu. Watu sitini na mmoja. Na kadiri alivyoandika ndivyo moyo ulivyomshuka, maana aliona kwamba andiko lake lilikuwa limekosea mahali pawili.

Kwanza, hapakuwa na hata mmoja aliyeondoka Ijumaa. Jumamosi ni siku ya wateja wa jumla Mwanjelwa, na mama asiyekuwapo kibandani kwake Jumamosi hiyo humkuta mteja wake kwa jirani juma lijalo. Waliondoka Jumapili, wakitoka ibadani. Pili, hakuna aliyebeba chini ya kilo hamsini. Walikwenda na mchele na dagaa, wakarudi na vitenge, na walikuwa na desturi wasiyoivunja hata kwa kufa: mzigo na mwenyewe hawalali mbalimbali. Ndege ya viti hamsini, viti vyote vimejaa, isingeweza kubeba mizigo yao. Ingekuja, wangeitazama ikipita, nao wakapanda basi.

Akarudi Mbeya, akaomba kulirekebisha andiko. Karani wa bodi akamjibu kwa simu kwa upole: baada ya siku ya mwisho andiko haliguswi.

Siku ya kikao ilifika. Ukumbi wa bodi kule Dar es Salaam ulijaa. Mwenyekiti wa bodi alikuwa jaji mstaafu, Bi. Mwanaidi Sengondo, mwanamke mfupi aliyesikiliza kichwa kimeinama, hata mgeni akadhani amesinzia. Falaki walisemewa na Wakili Kamazima, mpole wa sauti, mkali wa maswali. Alisimama, akaonyesha picha za ndege zao ukutani, akataja viti mia moja na kumi na nane kila safari, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Watu walipiga makofi, na yalikuwa makofi ya haki, kwa kuwa ndege zilikuwa nzuri.

Kisha likaitwa jina la Kitulo. Subilaga alisimama. Siku zilizomo katika andiko lake zilikuwa zile zile za Falaki. Akinyamaza, nani angejua? Angeweza kulisifu andiko lake na pengine akashinda, akaipeleka nyumbani njia ambayo yeye mwenyewe anajua itakufa kabla ya mwaka. Akisema, huenda andiko likatupwa pale pale. Alimwona Kapteni Nsajigwa safu ya nyuma, mkono juu ya mfuko wa koti. Akawafikiria wale arobaini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "andiko letu lina makosa mawili. Aliyeyaandika ni mimi."

Ukumbi ukavuma. Wakili Kamazima alitabasamu kama mtu aliyeokota kuku asiye na mwenyewe.

"La kwanza ni siku. Ijumaa haifai, tunaiomba Jumapili mchana. La pili ni viti. Tuliomba hamsini. Tunaomba thelathini na nne."

Mwenyekiti aliinua kichwa. "Umekuja kugombea njia kwa kupunguza viti?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Viti kumi na sita ving'olewe, tuweke wavu, mizigo ikae nyuma yake."

"Mwakani waje kuomba ndege isiyo na mabawa!" mtu mmoja alisema kwa sauti, na kicheko kikatambaa kutoka safu hadi safu.

Wakili Kamazima alisubiri kitulie. "Mheshimiwa, kanuni haina kona. Mwombaji habadilishi andiko baada ya siku ya mwisho. Na huyu dada amekiri kwa kinywa chake kwamba alilopeleka halifai. Naomba litupwe, twende tukale."

"Chakula hakina miguu, Wakili, kitatungoja. Bi. Subilaga, makosa haya uliyajuaje?"

"Nilikwenda Lubumbashi, mheshimiwa."

"Kwa ndege gani, na ndege hakuna?"

"Kwa basi."

Kicheko kikakatika. Subilaga akapeleka daftari mezani. Lilikuwa limevimba, jalada lake jekundu kwa vumbi, na kurasa zilipofunguliwa ziliacha alama kwenye kitambaa cheupe cha meza. Bi. Mwanaidi alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina, akakisimamisha pale alipotaka yeye. Kisha akaagiza namba ile ipigwe, na simu iwekwe karibu na kipaza sauti ili wote wasikie.

"Haloo! Nani?" Nyuma ya sauti hiyo honi za malori zilikuwa zikipiga kelele.

"Hapa ni bodi ya leseni, Dar es Salaam. Anaongea Jaji Mwanaidi Sengondo."

"Jaji! Jaji wa nini tena? Mimi sijamwibia mtu."

"Hujashtakiwa, mama. Nataka kukuuliza. Ikiletwa ndege ya kwenda Lubumbashi, utapanda?"

"Ya saa ngapi? Napanda hata sasa hivi, niko foleni tangu juzi!"

"Utaruhusiwa kilo ishirini na tatu."

Mama Tusekile alicheka, ukumbi mzima ukamsikia akiwageukia wenzake na kuwaambia, nao wakacheka. "Mama Jaji, kilo ishirini na tatu ni chakula changu cha njiani. Mzigo wangu utakuja na nani? Mzigo na mwenyewe hawalali mbalimbali."

"Na ukiletewa ndege Ijumaa?"

"Ijumaa! Nani huyo anayenitakia njaa? Jumamosi niko Mwanjelwa." Kisha akakumbuka jambo. "Hayo maswali ni ya yule dada aliyekuwa anakohoa. Yuko hapo? Mwambieni kifua kikimsumbua atafune tangawizi. Alikaa nasi siku mbili kwenye vumbi, anauliza tu na kuandika. Sisi tulidhani ana wazimu."

Simu ikakatika. Bi. Mwanaidi alimgeukia wakili wa Falaki.

"Wakili, nyinyi mmezungumza na abiria wangapi?"

Kamazima alikuwa mtu wa sheria, lakini pia alikuwa mtu wa kweli. Alilifunga faili lake. "Hakuna, mheshimiwa."

Bodi ikatoka, ikakaa kitambo, ikarudi. Mwenyekiti alisoma uamuzi akiwa amesimama. Alisema kanuni inamkataza mwombaji kubadili andiko, na bodi haitaivunja. Lakini kanuni hiyo hiyo inaipa bodi uwezo wa kuweka masharti kwa anayepewa leseni. Kwa hiyo Kitulo wanapewa njia ya Lubumbashi kwa masharti mawili: wasiruke Ijumaa bali Jumapili, na wasizidishe viti thelathini na nne.

Kule nyuma Kapteni Nsajigwa alitoa barua mfukoni. Aliichana mara mbili, akazichana tena na zile nusu, kisha akatafuta pa kutupa vipande, asipaone, akabaki navyo mkononi kama mtoto aliyeshika njugu. Subilaga alikuwa ameketi, kilemba chake amekishika usoni. Miezi mitatu yote hakulia. Siku hiyo alilia hadharani, wala hakuona haya.

Wakili Kamazima alimwendea akampa mkono. "Dada, nimewahi kushindwa kwa hila, nikakasirika. Leo siwezi hata kukasirika." Kisha akawageukia waliomtuma, waliokuwa wakikusanya picha zao kwa hasira, akawaambia maneno ambayo makarani waliyadaka na kuyapeleka hadi huku: "Acheni kuilaumu bodi. Sisi tuliomba anga tukiwa juu ya zulia. Mwenzetu alianza na vumbi."

Maneno hayo yalipofika Mbeya wapakiaji waliyapunguza urefu, kama wanavyopunguza kila kitu kizito, na akina mama wa Mwanjelwa wakayachukua kwenda nayo sokoni. Leo anaambiwa kijana anayetaka umeneja asiyejua bei ya bidhaa, anaambiwa mgombea anayetaka kura za kijiji asichowahi kukikanyaga. Na yule anayefua nguo zake zenye udongo baada ya kuuliza, kuona na kuandika, huambiwa pia, ila yeye huambiwa kwa heshima, mkono kifuani.

Mzee Ndelwa akamalizia chai yake. Vijana walitazamana, kisha mmoja wao, msichana, akausema mwenyewe polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi:

"Aombaye anga huanza na vumbi."