Kwa Nini Yai Husimama Juu ya Unywele

Enzi hizo mayai ya wadudu wote yalifanana: meupe, madogo, yamegandana chini ya jani. Hakuna aliyejua lipi la nani. Kwa hiyo wanawake wa mlimani walikuwa na desturi moja: kila asubuhi waligeuza majani ya kunde na kuyafuta mayai yote kwa kidole gumba.

Mmoja wao, Nakunde, alifuta zaidi kuliko wenzake, maana alikuwa ananyonyesha, na mboga hiyo ndiyo iliyomletea maziwa. Lakini kadiri alivyofuta, ndivyo vidukari walivyozidi kuyafyonza majani hadi yakajikunja. Maziwa yakapungua. Mtoto mgongoni alilia mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi moja aligeuza jani akamkuta mdudu wa kijani, mabawa yake yanaangaza kama maji, anataga. Hakuruka. Alikitazama kidole gumba kikishuka, akasema, "Mama, wanangu ndio wanaokula vidukari. Kila siku unawaponda walinzi wako."

Mkono wa Nakunde uliganda hewani. "Sikujua," alinong'ona. "Na nitawajuaje, mayai yote yakiwa sawa?"

"Nipe unywele mmoja, niwasimamishe juu yake."

Nakunde aling'oa wake, mdudu akaweka yai juu yake. Ulikuwa mweusi, mzito. Yai likainama, likaanguka.

Mara mama mkwe wake akatokea, amejishika kiuno. "We Nakunde! Kunde zinakwisha, wewe unachumbiana na majani?"

"Mama, njoo uone."

Mama mkwe akainama. Mdudu akarudia maneno yake yote na ombi lake kwa adabu. Mama yule, aliyefuta majani tangu usichana wake, alikitazama kidole gumba chake. Kisha akafungua kilemba chake, akang'oa unywele mweupe, mwepesi. "Chukua," alisema. "Nimewaponda wengi mno."

Mdudu aliukata vipande, akavisimamisha kwenye jani, na juu ya kila ncha akaweka yai. Upepo ulipita, mayai yakacheza, hayakuanguka.  Mtoto akaacha kulia, akayakazia macho.

Siku chache baadaye mayai yalianguliwa, vidukari wakaliwa, kunde zikachipua. Maziwa yakarudi. Habari zilipoenea, kila mdudu akajitafutia alama: wengine wakayatia mayai yao rangi ya njano, wengine wakayapanga safu.

Na tangu siku hiyo, mwanamke anayegeuza jani hutazama kwanza. Akiona yai dogo juu ya unywele mweupe, hulirudisha jani polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.