Sultani Aliyetaka Bakshishi Zote

Hapo zamani, mji wa Mtambwini ulipokuwa na mikahawa kumi na miwili na Sultani mmoja tu, palikuwa na mhudumu jina lake Feruzi, maskini wa kutupwa, ambaye watu walimwita punguani kwa sababu alikuwa akicheka peke yake huku amebeba sahani. Bi Zawena, mwenye mkahawa, hakumpa mshahara. Alimpa chakula cha mchana, akaona ametenda wema. Mkewe Feruzi na watoto wao watano waliishi kwa bakshishi, yaani kile kidogo ambacho wageni walikiacha chini ya sahani wakisha kushiba. Na adabu ya mji ule ilikuwa nzuri, nami naipenda: mlaji huacha bila kutazamwa, na mhudumu huokota bila kutazama.

Basi habari za bakshishi zikamfikia Sultani Ghalibu kwa kinywa cha waziri wake Shamsu, mtu ambaye hakuweza kuona mwenziwe ana kitu kisha akalala usingizi.

Sultani akauliza, "Bakshishi hupewa nani?"

"Hupewa aletaye chakula, Bwana wetu."

Sultani akawaza kidogo, na kuwaza kwake kulikuwa na hasara siku zote. Akasema, "Mchele huingia kwa bandari yangu, ng'ombe hula majani ya nchi yangu, na meko huwaka kwa amani yangu. Basi aletaye chakula ni mimi!"

Ikapigwa mbiu kwamba kila mkahawa uwekewe sanduku lenye kufuli, na kila mlaji atie bakshishi humo, ipelekwe kwa Sultani. Siku ya nne, nyumbani kwa Feruzi, chungu kilikuwa hakijatelekwa tangu juzi, watoto wanalia, na yeye mwenyewe hakucheka tena. Akaenda barazani, akapiga goti.

"Ewe Bwana wetu, Mungu akuweke. Wanangu wana njaa. Naomba uifute amri ya masanduku."

Watu wa baraza wakaguna. Sultani akajibu, "Nitaifuta siku nitakapokuja kunung'unika mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, juu ya bakshishi. Nakupa siku tatu. Jua la siku ya tatu likitua sijanung'unika, utafungwa mwaka mzima kwa kunipotezea wakati."

"Nimesikia na kutii," akasema Feruzi. "Ila nina swali, maana mimi ni mjinga. Mlaji akitia bakshishi yako sandukuni, kisha mchuzi ukawa baridi, amwambie nani?"

"Aje aniambie mimi! Nichukue bakshishi, lawama nimwachie mwingine? Mimi si dhalimu."

"Na akitaka maji?"

"Na maji nitampa mimi!" akasema Sultani, akijisikia mwadilifu kupita kiasi. Waziri akaandika yote, akatia muhuri.

Kesho yake, kila mgeni aliyefungua kinywa kulalamika katika mikahawa ya mji, Feruzi na wenziwe walimwambia kwa upole, "Hilo ni la Sultani, bwana. Amesema mwenyewe, na imeandikwa." Ikawa adhuhuri mlango wa jumba umejaa watu na bakuli zao. Tajiri mmoja wa nguo akaja na inzi ndani ya supu. Seremala akaja na wali ulioungua. Na kwa kuwa ndivyo wahudumu walivyoitwa mjini humo, wakapiga makofi: "We! Huku! Umelala?"

Sultani akaruka kitini, mkono upangani. Kisha akakumbuka muhuri wake, akakumbuka na zile siku tatu, akauma meno, akasema, "Pole, bwana." Neno hilo alikuwa hajalitamka maishani, ikabidi Waziri amfundishe.

Siku ya pili mstari wa watu ulifika sokoni, na wengi walikuja kula na kunywa papo hapo jumbani. Sultani hakunung'unika. Alikwisha kujifunza kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, akawa anajisifu: "Shamsu, umeona? Sikumwaga hata tone!" Shamsu hakuona, kwa kuwa alikuwa ameinamia karai, anaosha vikombe.

Siku ya tatu jua likaanza kushuka. Askari wakaleta minyororo, wakaiweka miguuni pa Feruzi, naye akawa anawaza wanawe. Hapo akaingia Bi Rukaiya, ajuza ambaye macho yake hayakumtambua mtu tena, akakaa, akapiga makofi. Akataka chai. Ikawa ya moto mno, Sultani akaipuliza. Ikawa ya baridi, akaenda kuipasha. Ikawa haina tangawizi, akarudi tena jikoni. Akaleta na mkate wa mofa, akamchovyea, kisha akasogea kando, akatazama ukuta, kama adabu ilivyotaka.

Bi Rukaiya akanywa, akafuta kinywa, akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Sultani akainua sahani. Hapana kitu. Akainua kikombe, akakung'uta kitambaa.

"Hakuacha kitu!" akapiga kelele. "Nimekwenda jikoni mara tatu! Nimempulizia chai kwa mdomo wangu huu! Hata pesa moja? Watu gani hawa, hawana haya? Mtu anatoka jasho, miguu inamuuma, halafu..."

Akaziba kinywa kwa kitambaa. Baraza zima likageuka kumtazama.

"Bwana wetu," akasema Feruzi taratibu, "hayo ni manung'uniko, au nimesikia vibaya?"

Sultani akamtazama, akatazama kitambaa mkononi mwake, akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Akaamuru minyororo iondolewe na masanduku yavunjwe, kila mhudumu arudishiwe chake. Kisha akauliza, "Kumbe yule ajuza ulimtuma wewe?"

"La, Bwana wetu. Bi Rukaiya hajaacha bakshishi tangu nimjue."

"Na wewe humfanyaje?"

"Namletea chai."

Sultani akaona haya, na ilimstahili.

Ijumaa iliyofuata akaenda kula kwa Bi Zawena, akaacha dinari nzima chini ya sahani, na Feruzi akaiokota bila kutazama. Lakini Sultani hakuondoka. Alichukua sahani yake, na ya jirani yake, na ya yule wa pili, akazipeleka jikoni bila kumwaga hata tone, akarudi akasimama mlangoni, macho darini. Feruzi akafahamu. Akapita karibu naye, akamtia pesa moja kiganjani.

Njiani Waziri Shamsu akanyoosha mkono, akaomba aipeleke hazina. Sultani akakaza ngumi.

"Wee Shamsu! Hii nimeifanyia kazi."